Dole la Karani

Karani alikuwa na msemo wake, aliutanguliza kila mahali kama kipofu anavyotanguliza fimbo: "Kisichoandikwa hakikutokea." Vizuri. Mimi naandika. Herufi nimejifunza nikiwa na wajukuu, kwenye benchi la nyuma ya kanisa, pamoja na akina mama wanaonyonyesha, na sikujifunza ili nisome magazeti. Nilijifunza kwa ajili yake. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui na sikuwahi kuuliza. Mtu aliyekukosea unahitaji uso wake tu, na uso wa Karani ninao kichwani hadi vinyweleo vya puani.

Alikuwa mrefu, mkavu, shingo kama ya korongo. Shati jeupe siku zote, na kwenye mfuko wa kifuani kalamu tatu: ya buluu, nyeusi na nyekundu. Ile nyekundu hakuna aliyewahi kuiona ikifunguliwa kofia. Akiulizwa alijibu, "Nyekundu iko ya kusahihisha makosa ya mwenye kuandika. Mi sikosei." Viatu alivipaka ganda la ndizi mbivu, akavifuta kwa soksi kuukuu, vikang'aa kuliko vya wenye kununua rangi ya dukani. Hakupanda baiskeli ya kubebwa hata siku moja. Alisema mtu wa ofisi hakai mgongoni mwa mtu. Alitembea. Mvua ikimkuta, alivua viatu akavikumbatia, akaendelea kwa miguu mitupu, na zile kalamu tatu zikiwa kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Nasema ukweli wake kwanza, ili nikifika kwenye ubaya asiwepo wa kuniambia naonea.

Sasa dole.

Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi na mke wangu na watoto wanne, lori lilitushusha Muyinga na mabunda yetu, na mlango wa kwanza wa nchi yetu ulikuwa meza ya Karani. Ofisi siitaji. Ofisi haikunikosea, yeye ndiye aliyenikosea. Kila aliyerudi alisimama mbele yake, akataja jina lake, jina la baba yake na kilima chao, ambacho kwetu ndicho kijiji. Karani akaandika, mtu akatia sahihi, kisha akangoja kuitwa apewe karatasi yake. Bila karatasi ile hukuwa mtu wa mahali popote. Hukupewa mbegu wala jembe, wala hukuwa na mdomo wa kusema shamba la baba yako liliishia wapi. Njia nzima juu ya lori nilikuwa nikirudia maneno yangu: jina langu, la baba yangu, kilima chetu kule Giteranyi. Nilitaka kuyasema vizuri. Nilitoka nchini nikiwa mtoto mwenye kamasi, nilikuwa narudi na mvi kidevuni, na nilitaka nchi isikie jina langu likiitwa kwa sauti.

Nilisema. Hakuinua kichwa. Akasukuma karatasi.

"Tia sahihi."

"Sijui kuandika, bwana."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Alinitazama, kisha akaitazama foleni, kama mwenye duka anayewaonyesha wateja panya aliyemnasa.

"Miaka yote ile kambini mlikuwa mnafanya nini? Kula tu?"

Watu walicheka. Watu wenye njaa hucheka haraka wakitaka mwenye meza awapende.

"Bon. Weka dole."

Nikaweka. Wino ulikuwa wa zambarau, mzito kama uji. Pembeni mwa meza palikuwa na kitambaa, yeye mwenyewe alikuwa anafutia vidole vyake. Nikanyoosha mkono. Akakivuta upande wake.

"Hiki ni cha ofisi. We utajifuta na majani. Kwenu Giteranyi iko mengi."

Wakati wa kugawa karatasi aliwaita watu kwa majina, mmoja mmoja, na jina la baba. Zamu yangu ikafika. Jina langu alikuwa nalo mbele ya macho, ameliandika kwa mkono wake, mwandiko mzuri kama mshono wa cherehani. Hakulisoma. Alipaza sauti, akasema, "Dole! Dole wa Giteranyi yuko wapi?"

Hivyo ndivyo nchi yangu ilivyonikaribisha. Wenzangu wa lori walilibeba jina lile hadi kilimani, likafika kabla yangu. Watoto wangu shuleni wakawa "wale wa kwa Dole". Mke wangu alinisugua kidole kwa mchanga, kwa ndimu, kwa majivu. Wino ulikaa kwenye mikunjo ya ngozi siku nyingi. Aliniambia, "Baba, si utaisha wenyewe?" Nikamwambia wino utaisha, mimi sitaisha. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu kwa mtu yule: alitaje jina langu, lote, mbele za watu. Kwa kupenda au kwa kubanwa, kwangu ilikuwa sawa.

Misemo yake mingine ilikuwa hii. "Kalamu haina jamaa." "Karatasi haina haraka, mwenye haraka ni mwenye shida." Na akimwona mtu anakula barabarani: "Hata ng'ombe husimama akicheua." Aliwasahihisha mapadri katikati ya matangazo, akiwa amekaa benchi la tatu, akitaja siku sahihi ya mkutano bila kusimama. Aliwasahihisha hata marehemu: walisema aliwahi kukataa kutoka makaburini mpaka fundi afute jina lililokosewa msalabani. Mambo haya watu waliyasimulia huku wakicheka. Mimi sikucheka. Mtu anayelipigania jina la maiti, na la mtu hai akalitupa mbele ya umati, huyo anajua anachofanya.

Mimi nilijiinua mwenyewe. Kambini nilijifunza kuchinja na kuchuna, na kisu hakiulizi umesoma darasa la ngapi. Shamba la Giteranyi halikututosha, ndugu walikuwa wameligawana. Nikaanza na mbuzi mmoja mmoja kwenye soko la Mutaho, nyama nikiining'iniza kwenye tawi. Kisha nikafika Gitega, nikafungua bucha njia ya kwenda Giheta, chumba chenye vigae vyeupe na ndoano saba. Hakuna aliyenishika mkono. Ukiona nasema hivyo mara nyingi, ni kwa sababu ni kweli mara nyingi.

Naye Karani alipostaafu, Mungu akamleta Gitega, kwa kuwa mke wake alikuwa na nyumba huko. Siku ya kwanza alipopita kwangu hakunisalimu. Alisimama mbele ya kibao changu, kilichoandikwa na fundi rangi ambaye shule alikuwa ameikimbia kama mimi. Akatoa kipande cha chaki mfukoni, mstaafu anayetembea na chaki, akaongeza herufi mbili pale alipoona zimepungua. Kisha akaingia.

"Kibao chako kilikuwa na makosa."

Nikamwonyesha dole gumba langu, limesimama. Alilitazama, akatabasamu meno yote.

"Aa! Dole wa Giteranyi! Umenenepa, sha."

Alinikumbuka. Wengine wangeumia kwa kusahauliwa. Mimi niliumia kwa sababu hakuwa amesahau hata kidogo.

Sasa jambo ambalo lilinisumbua kumhusu. Jumapili baada ya misa alikaa kwenye ngazi za nyuma ya kanisa na daftari magotini, akawaandikia barua wajane na wazee wenye watoto waliobaki Tanzania. Hakuchukua chochote, hata yai. Jirani yangu wa duka, mama mmoja Mkongomani aliyeuza vitenge, alikuwa na mtoto aliyepotelea Kigoma. Karani alimwandikia, na mtoto akarudi.

"Ule muzee," aliniambia, "aliniandikia barua mpaka nikalia. Mi sikusema maneno mazuri vile, papa. Ni yeye aliyatia."

"Angetia na jina langu," nikamjibu.

Sikupenda kusikia habari zile. Mtu mbaya ni heri awe mbaya mzima, anakurahisishia kazi. Huyu alikuwa mbaya nusu, na nusu ile nyingine ilikuwa inapita dukani kwangu kila siku kwa vinywa vya watu, ikinidai nimpunguzie. Sikupunguza.

Mke wake alifariki, akamwachia paka. Paka jike, rangi ya majivu, sikio moja limepasuka, mzee kuliko ndoa nyingi za mtaa ule. Walimwita Sekreteri, kwa sababu alilala juu ya makaratasi ya Karani, na Karani, ambaye hakumwinulia kichwa mtu aliyerudi kwao, alingoja paka aamke ndipo achukue karatasi iliyo chini yake. Kiti kizuri cha nyumba kilikuwa cha paka. Walikula pamoja: wali, dagaa wa ndagala, mchuzi wa mawese, chumvi ile ile, sahani mbili zinazofanana. Majirani walisema walimsikia akimsomea barua alizowaandikia wajane, akimuuliza kama amesahau nukta.

Kisha Sekreteri akaanza kuisha. Manyoya yakamtoka kwa mabaka. Alitapika mchuzi, meno yakaoza yakabaki manne, mbavu zikahesabika. Karani alimbeba kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, akitembea katikati ya mji kama anayepeleka sakramenti, hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari yule kazi yake ni ng'ombe na mbuzi, na ni mteja wangu, ndiyo maana najua alichomwambia.

"Mzee, huyu ni mnyama wa nyama. Unamlisha kama mwanafunzi wa seminari."

"Hakuna sindano?"

"Sindano ya uzee haipo. Acha wali, acha mawese, acha chumvi. Mpe nyama mbichi, ya asubuhi ile ile, umkatie vipande vidogo maana meno hana. Moyo. Shingo ya kuku umeiponda na mfupa wake. Ini kidogo tu, si kila siku. Usimpe ya baridi, ishike kwanza mkononi ipate joto. Asipokula hivyo, usinirudishie kikapu, tafuta jembe."

Gitega bucha ni nyingi, lakini mioyo na figo huishia kwenye mishikaki kabla jua halijachomoza vizuri. Mimi peke yangu nilikuwa na beseni pembeni, vipande vya wenye mbwa na paka, bure, kwa yeyote. Ni desturi niliyojiwekea tangu Mutaho: aliyewahi kula mabaki hafungi mabaki. Mji mzima ulijua. Ikabidi Karani aje.

Alikuja asubuhi, bucha imejaa.

"Dole, nina shida."

Nikaendelea kunoa kisu.

"Dole."

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Alijua ninachotaka, na wateja walijua, maana kisa kile nilikuwa nimekisimulia mara nyingi juu ya gogo la kukatia.

"Sema jina langu, lote," nikamwambia, "na nyama hii utachukua kila siku hadi paka akuzike wewe."

Akalamba midomo. Kalamu tatu zilikuwa pale pale.

"Jina lako... silikumbuki."

Uongo. Mtu aliyekumbuka kwamba zamani nilikuwa mwembamba! Kilichomzuia kilikuwa kiburi. Na mimi kiburi nakijua, nimekifuga kwangu, nakitambua hata kikivaa shati la mtu mwingine.

"Basi weka dole."

Nikachana kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, ile tunayofungia nyama, nikakitandaza mbele yake. Nikamsogezea beseni. Karani alitazama damu, akanitazama mimi, akakunja mkono wa shati lake jeupe mara mbili, taratibu, kama anayejiandaa kuandika cheti. Akachovya dole la kulia. Akaligandamiza kwenye karatasi. Kisha akanyoosha mkono kwenye kitambaa changu cha kaunta.

Nikakivuta.

"Hiki ni cha bucha. Utajifuta na majani."

Miaka yote ile nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno haya. Yalitoka kama mafuta. Karani alichukua kifurushi cha nyama kwa mkono wa kushoto, akatoka, dole jekundu ameliinua juu mbele ya kifua kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo. Nikaitundika karatasi yake kwenye ndoano ya saba. Siku ile nilikula sahani mbili.

Mama Mkongomani alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Papa, ile roho yako, ukiitundika kwa ile ndoano, hakuna mutu ataiuliza bei."

"Siiuzi."

"Na paka amekukosea nini?"

"Paka anapata nyama yake. Mimi nina kesi na mwenye paka."

Kesho yake Karani akarudi, na kesho kutwa. Msimu mzima wa kiangazi. Baada ya siku chache hakungoja niseme. Aliingia, akakunja shati, akachovya, akagandamiza, akachukua, akatoka. Hilo lilinikera. Adhabu ikizoeleka inageuka kuwa kazi, na kazi yeye alikuwa anaijua. Kitambaa hakukiomba tena, wala sikumwona akijifuta na majani. Alipita mjini kote dole likiwa juu, damu ikimkauka, watu wakimsalimia na yeye akiitika kwa kichwa. Nikasema, tazama kiburi kilivyo, hata aibu yake anaitembeza kama medali.

Habari za paka alizitoa bila kuulizwa, akiwa ameshika mlango.

"Leo alikula moyo wote."

"Sikuuliza."

"Sikioni manyoya yameanza."

"Nimesema sikuuliza, Karani."

Lakini nilisikia. Na kuna asubuhi moja, lazima niiandike na hiyo, nilichinja mbuzi mwenye ini lenye mabaka na minyoo, ini la kutupa shimoni. Nililishika. Nikafikiri: vipande viwili tu, paka ameshakuwa mzee, nani atajua? Nikaviweka kwenye kifurushi chake, nikakifunga. Kisha nikakifungua, nikavitoa. Msidhani nilimhurumia. Mkono wangu hautoi uozo, hata kwa adui. Akitaka kufa, afe kwa nyama nzuri.

Kisha siku moja hakuja. Wala ya pili. Kiharusi kilimpiga akiwa anaandika barua ya mtu, kalamu ikaanguka kabla yeye hajaanguka. Dada yake aliyeishi Muyinga akaja kumchukua, yeye na kikapu chake. Ndoano ya saba ikabaki na karatasi zake, zimekauka, zikigongana upepo ukiingia. Wateja waliniambia, "Mungu amekulipia." Nikasema ndiyo. Lakini jina langu lilikuwa bado mdomoni mwake, na mdomo ule ulikuwa unakufa.

Nikamwambia mke wangu naenda Muyinga kununua mbuzi.

"Mbuzi wako Mutaho," akasema.

"Wa Muyinga ni wanene."

Alinitazama nikizishusha zile karatasi za dole kutoka kwenye ndoano, nikazifunga kamba. Akanitazama nikichagua moyo wa mbuzi aliyechinjwa alfajiri ile, nikiufunga kwenye jani la mgomba. Hakuuliza. Mimi mwenyewe nilijiambia moyo ule ni chambo.

Nilimkuta uani, mchana kweupe. Dada yake na majirani wawili wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakimenya maharage. Karani alikuwa kwenye kiti, shati jeupe limefungwa kifungo vibaya, kalamu tatu mfukoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, lakini maneno yalikuwepo, polepole. Karibu na miguu yake, ndani ya kikapu, Sekreteri. Manyoya yalikuwa yamemrudia, lakini tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo.

"Paka hali," dada yake akaniambia baada ya salamu, akiniita mushingantahe, kama mzee wa heshima. "Nyama mbichi nanunua, namkatia ndogo ndogo, anaiangalia tu. Leo siku ya tatu. Mushingantahe, huyu paka akifa, na huyu anamfuata."

Karani alikuwa ananitazama.

"Dole."

"Karani."

"Umeleta?"

Badala ya nyama nikamwekea zile karatasi magotini, zote. Nilitaka azione mbele ya dada yake. Alizifunua kwa mkono wa kushoto, moja moja, alama nyekundu zilizogeuka kahawia. Nusu ya uso wake ikacheka.

"Mi sikukuambia," akasema. "Siku ile ya kwanza nilifika nyumbani, nikamwekea nyama kwa sahani. Alinusa, akanigeuzia mkia. Maisha yote amekula wali, nyama mbichi aliiona kama tusi. Nikakaa chini. Nikasema, bon, imekwisha, hata yeye ananiacha. Mkono huu ulikuwa umening'inia hapa. Akaja akalamba dole. Ile damu yako. Akalamba mpaka ikaisha. Ndiyo akaifuata nyama. Kesho yake vile vile. Bila dole, hali."

Maharage yalikuwa yanaanguka kwenye sinia, tik, tik.

"Kumbe ulivyokuwa unapita mjini umeliinua juu..."

"Niliogopa vumbi."

Kiangazi kizima nilidhani namtia doa, kumbe namtengenezea dawa. Nilimnyima kitambaa, na ningempa kitambaa, paka angekufa wiki ile ile. Adui yangu alikuwa ameibeba fedheha niliyompa, akapita nayo sokoni ameikinga na vumbi, akaenda kuilisha. Sijawahi kuibiwa hivyo maishani mwangu, na mimi nimekaa kambini.

"Sasa dole iko baridi," akasema. "Akilinusa anarudi nyuma. La kushoto linatetemeka, linamuogopesha. Dada anaogopa meno." Akavuta pumzi. Akakitazama kile kifurushi cha jani la mgomba mkononi mwangu. "Weka dole."

Maneno yale yale, na mimi nikiwa nimesimama vile vile, na yeye amekaa. Lakini safari hii kichwa alikuwa amekiinua.

"Sema jina langu," nikasema.

Wanawake wakaacha kumenya.

Karani alimtazama paka. Kisha akaanza, na hakuanza na jina langu, alianza na kilima, kama ilivyokuwa kwenye fomu. Kilima chetu. Jina la babu yangu. Jina la baba yangu. Kisha langu, lote, la nyumbani na la ubatizo. Hakuishia hapo: jina la mke wangu, na majina ya watoto wanne, mkubwa hadi mdogo, kwa mpangilio, kama anayeusoma mstari ule ule alioupitisha bila kuusoma. Alikuwa nao kichwani siku zote zile.

"Tena," nikasema. "Kwa sauti."

Alirudia. Mate yalimtoka upande ule mbovu, akayaacha.

"Tena."

Mara ya tatu sauti ilikatika kwenye jina la baba yangu, akairudisha, akamaliza. Mtu aliyekuwa anapita nje ya ua alisimama kusikiliza.

"Mushingantahe, quand même," dada yake akasema. "Imetosha."

"Haijatosha," nikamwambia. "Lakini paka ana njaa."

Nikafungua jani. Nikaushika moyo ule mkononi mpaka ukapata joto, nikaupasua kwa kisu changu, nikachovya dole langu la kulia. Ilinibidi nipige magoti. Mimi hupiga magoti altareni tu, na hata pale huangalia kwanza sakafu. Sekreteri aliinua kichwa. Alinusa kucha, akanusa kifundo, akanitazama kwa yale macho ya uzee yenye ukungu. Kisha akatoa ulimi. Ulimi wa paka ni tupa. Alilamba juu, akalamba pembeni, akaingia kwenye mikunjo ile ile ambayo mke wangu aliisugua kwa mchanga na ndimu. Hakuacha kitu. Alipomaliza akaweka pua kwenye nyama, akaanza kula.

Dada yake alisogea, akayaona yale meno manne, akaona hayamuumizi mtu, akachovya dole lake mwenyewe pembeni mwa langu. Sekreteri akalipokea na hilo.

Karani alikuwa anahangaika na mkono wa kushoto mgongoni mwa kiti. Kilichotundikwa pale kilikuwa kitambaa cheupe, kile cha kufunika kikapu. Alikivuta, kikamwanguka, akakivuta tena, akaninyooshea. Mkono ulitetemeka, kitambaa kikitetemeka nao, na hakuurudisha.

Nililitazama dole langu. Lilikuwa safi kuliko siku niliyozaliwa.

"Kiache," nikamwambia. "Nimeshafutwa."

Nilinunua mbuzi watatu, wembamba, nikarudi Gitega. Paka ndiye aliyemzika, kama nilivyosema. Walinitumia habari na sikwenda. Watu hapa bado wananiuliza kama nilimsamehe, na mama Mkongomani anaapa kwamba ndiyo, aliniona usoni. Mimi namjibu kwa maneno ya marehemu: kisichoandikwa hakikutokea. Haya, yote nimeyaandika. Msamaha mtautafuta humu, hamtauona.